Urefu wa risasi ya raifo na kina cha kichwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa wenye raifo za leseni wa Iringa, Mbeya na Njombe, na zaidi kwa vijana wanaoongoza wageni kwenye vitalu vya Rungwa na upande wa Chunya. Humu ndani "risasi" ni kitu kizima kinachoingia chemba, yaani nafasi ya nyuma ya mtutu. Kinachoruka kwenda kwa mnyama tumekiita "kichwa", shaba inayobaki ni "ganda", na kile kinachogongwa na pini ni "fataki". "Matuta" ni ile michirizi iliyoinuka ndani ya mtutu, inayokizungusha kichwa kinapotoka.

Naweza kujaza risasi zangu mwenyewe nyumbani?

Kwa hapa kwetu, usianze bila kibali. Silaha na risasi ziko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na kutengeneza risasi si jambo la kufanyia stoo kwa sababu umeona video. Ukitaka kujua nafasi yako ikoje, nenda kwa ofisi ya polisi inayoshughulikia leseni yako na uulize kabla hujanunua hata chombo kimoja. Kazi yenyewe imeshamiri Marekani, Afrika Kusini, Namibia na sehemu za Ulaya, na wageni wengi wanaokuja kuwinda huku hubeba risasi walizojaza kwa mikono yao. Kupima, hata hivyo, hakuhitaji baruti wala presi, ile mashine ya mkono ya kujazia risasi. Mwenye bunduki yeyote anaweza kupima risasi alizonunua dukani, na sehemu kubwa ya majibu yafuatayo inamhusu yeye pia.

Urefu wa risasi na kina cha kichwa si kitu kimoja?

Vinaendana, lakini si kimoja. Urefu wa risasi ni kuanzia kitako cha ganda hadi ncha ya kichwa. Kina ni kiasi gani cha kichwa kimezama ndani ya shingo ya ganda. Vichwa viwili vya uzito mmoja vinaweza kukupa risasi zenye urefu uleule huku kimoja kimezama milimita mbili zaidi, kwa sababu kimoja ni kirefu na chembamba na kingine ni kifupi na butu. Ukisoma namba moja tu hutajua kinachoendelea ndani ya shingo.

Urefu rasmi ni upi?

Kuna mashirika mawili yanayoweka vipimo: SAAMI la Marekani, na C.I.P. ambalo makao yake yako Brussels, Ubelgiji. Kwa risasi zinazoonekana zaidi huku kwetu, kikomo cha urefu ni hiki: .30-06 Springfield ni milimita 84.84, .375 H&H Magnum ni 91.44, na .458 Winchester Magnum ni 84.84, sawasawa na .30-06.

Hicho ni kikomo cha juu. Si lengo la kufikia. Kimewekwa ili risasi ya kiwanda chochote iingie kwenye magazini na chemba ya bunduki yoyote iliyochongwa kwa kipimo hicho. Hakikuambii bunduki yako inapenda nini. Kitabu cha ujazaji nacho huandika urefu wa kila kichwa walichokijaribu, na mara nyingi ni mfupi kuliko kikomo. Ule wa kitabu ndio wa kuanzia, kwa sababu kiasi cha baruti kilichoandikwa pembeni yake kilipimwa presha kwa urefu huo na kichwa hicho.

Kwa nini kila mtu anasema nipime kwenye ojivi badala ya ncha?

Kwa sababu ncha inadanganya. Kama ukurasa huu una jambo moja la kushika, ndilo hili.

Ojivi ni ule mkunjo wa kichwa kuanzia nchani hadi kinapofikia unene wake kamili. Mahali ambapo kichwa kitayagusa matuta ni kwenye mkunjo huo, karibu na pale unene unapokamilika, mbali kabisa na ncha. Ncha yenyewe haigusi kitu ndani ya mtutu. Chukua boksi moja la .30-06 yenye vichwa vya ncha laini ya risasi nyeusi (yaani madini ya risasi, "lead"), uzipime zote hadi nchani: utaona 84.1, 84.4, 83.9, 84.5. Mtu mgeni na kazi hii atashtuka na kusema kiwanda kimelala. Sasa pima zilezile kwenye ojivi, na tofauti hushuka hadi sehemu chache za mia za milimita. Kilichopishana ni ncha tu: moja imebonyea kwenye boksi, nyingine ilitoka kiwandani na kijipua. Kichwa chenyewe kimekaa palepale.

Kinyume chake nacho hutokea, na hicho ndicho cha kuogopa: ncha inasoma vizuri, kumbe kichwa kimesogea.

Chombo cha kupimia ojivi huitwa komparata. Ni kipande cha alumini chenye tundu, kinafungwa kwa skrubu kwenye taya moja ya vernia, kile kipimio cha taya mbili. Kichwa kinaingia tunduni hadi kikwame mahali ambapo unene unalingana na tundu, na taya ya pili inakaa kwenye kitako. Hornady wanazo, na kampuni nyingine pia. Namba utakayopata haina maana kwa mtu mwingine, maana tundu la komparata yake si lazima lifanane na lako hata kama yameandikwa ukubwa uleule. Usimpigie jamaa yako wa Makambako simu kumuuliza "ya kwako inasoma ngapi" halafu ukaiga.

Vernia ya gereji inatosha?

Inategemea gereji. Vernia iliyopimia bearing na brake drum miaka kumi, taya zimelika, ukizifunga na kuziangalia kwenye mwanga wa dirisha unaona upenyo, hiyo iache iendelee na kazi yake. Ukiwa na ya chuma inayosoma hadi milimita 0.02 na taya zake zinafunga bila mwanga kupita, inatosha. Ya dijiti ni rahisi kusoma. Ya Mitutoyo itadumu kuliko wewe, ila ya bei ya kawaida inafanya kazi ukiitunza.

Futa taya, zifunge, hakikisha inasoma sifuri. Pima, kisha rudi tena kwenye sifuri. Usiikamue risasi kama unabana klampu: taya ziguse tu, huku ukiizungusha risasi taratibu hadi upate namba ndogo zaidi, maana risasi ikikaa mshazari namba hupanda. Angalia pia kitako. Uchafu au kijinundu cha shaba kwenye ukingo kinatosha kukupa kipimo cha uongo.

Nitajuaje matuta ya mtutu wangu yanaanzia wapi?

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na inafanyika kwa ganda tupu. Halina baruti, halina fataki. Narudia kwa sababu kuna watu wanajaribu na risasi nzima sebuleni.

Njia ya kwanza ni ya ganda lililopasuliwa. Chukua ganda lililopigwa kwenye bunduki hiyohiyo, lisafishe, kisha kwa msumeno mwembamba pasua shingo kwa urefu wake, mkato mmoja, halafu ondoa vinyweleo vya shaba kwa kipande cha msasa. Shingo sasa inabana kichwa kidogo, ila kinaweza kusogea. Weka kichwa kikiwa nje kupita kiasi, ingiza chemba kwa kidole, funga bolti (kile chuma kinachoziba chemba kwa nyuma) polepole. Matuta yanakisukuma kichwa kirudi ndani ya shingo hadi bolti ifunge. Fungua taratibu, litoe ganda kwa mkono bila kuliacha lirushwe na kitoleo, pima kwenye ojivi. Rudia hadi namba zianze kufanana. Ikitoka moja ndefu ghafla, ujue kichwa kilikwama kwenye matuta kikavutwa nje kidogo wakati wa kufungua. Itupe namba hiyo. Ukikipaka kichwa wino wa kalamu nene kabla, utaona alama za matuta na hata mkwaruzo wa kuvutwa.

Njia ya pili haitaki ganda. Unahitaji ufito wa kusafishia ulio bapa mwishoni, tepu ya karatasi na wembe. Funga bolti chemba ikiwa tupu na pini ikiwa imerudi nyuma, isichomoze kwenye uso wa bolti, teremsha ufito kutoka mdomoni hadi uguse uso wa bolti, weka alama kwenye tepu sawa na mdomo wa mtutu. Toa bolti, sukuma kichwa kimoja kwa penseli kutoka nyuma hadi kiguse matuta, kishikilie hapo bila kukikandamiza, teremsha ufito tena hadi uguse ncha, weka alama ya pili. Umbali kati ya alama hizo mbili ni urefu wa risasi pale kichwa hicho kinapogusa matuta. Ni kipimo cha nchani, kwa hiyo hifadhi kichwa kilekile ukilinganishe baadaye. Kabla ya kuondoka hakikisha umekitoa kwenye mtutu. Inaonekana ni jambo la kijinga kulisema, lakini kichwa kilichosahaulika humo ni bunduki iliyopasuka.

Kuna pia chombo cha kununua, fito mbili moja ndani ya nyingine na ganda lililotobolewa kitako na kuchongwa uzi. Kinafanya kilekile cha njia ya kwanza kwa haraka zaidi.

Kipimo unachopata ni cha kichwa hicho na mtutu huo. Ukibadilisha aina ya kichwa unaanza upya.

Basi kichwa kikae umbali gani kutoka kwenye matuta?

Wanaojaza huanza mara nyingi na nafasi ya nusu milimita hivi, ambayo kwa inchi ni 0.020. Tuseme komparata yako ilisoma 71.60 pale kichwa kilipogusa matuta: ungekalisha kisome 71.10. Kutoka hapo wanajaribu kwenda mbele au nyuma kwa hatua ndogo na kuangalia kundi la matundu kwenye karatasi.

Wapiga shabaha wa mashindano wengine huweka kichwa kiguse kabisa. Wana sababu zao, na wana meza, bendera ya upepo na siku nzima. Kwa bunduki ya kuwindia siwaungi mkono hata kidogo. Kichwa kinapogusa matuta, presha ya mwanzo hupanda kwa sababu hakina mwendo wa kuanzia, na kiasi cha baruti kilichokuwa salama jana kinaweza kuvuka mpaka leo. Kuna balaa la pili: ukiamua kutoa risasi ambayo haijapigwa, kichwa kinaweza kubaki kimeng'ang'ania mtutuni, ganda likatoka peke yake, baruti ikamwagika kwenye bolti na magazini. Hebu fikiria hilo likikukuta kwenye vichaka vya Rungwa, nyati aliyejeruhiwa yuko mbele yako, na unahitaji risasi ya pili.

Si nikizamisha kichwa zaidi ndio salama zaidi?

Si lazima. Ukizamisha unapata nafasi kubwa kabla ya matuta, lakini unakula nafasi ya baruti ndani ya ganda. Kwa raifo yenye ganda kubwa kama .375 H&H, milimita moja haileti kishindo. Kwa ganda dogo lililojaa hadi shingoni ni habari nyingine, na kwa bastola ni hatari waziwazi.

Mfano wa baruti kubanwa mno ni .458 Winchester yenyewe, iliyotoka 1956. Ganda lake ni fupi kwa kichwa kizito kinachotakiwa kusukumwa, hivyo baruti ilishindiliwa sana, na baada ya kukaa ikawa inagandamana na kuwaka vibaya. Baadhi ya wawindaji wa Afrika waliichukia kwa sababu hiyo. Baruti za siku hizi zimepunguza tatizo, ingawa wazee wengine bado wanaikunjia uso.

Vichwa vya shaba tupu vinabadilisha chochote?

Ndiyo. Shaba ni nyepesi kuliko risasi nyeusi, hivyo kwa uzito uleule kichwa huwa kirefu zaidi na kinazama zaidi kwenye ganda. Usichukue urefu wala kiasi cha baruti cha kichwa chenye risasi nyeusi ndani ukakipachika hapo. Barnes, wanaotengeneza vichwa vya shaba, hushauri nafasi kubwa kabla ya matuta, kuanzia inchi 0.050, yaani milimita 1.27.

Mgeni amekuja na risasi alizojaza mwenyewe. Nikague nini?

Kwanza kwa adabu, maana watu hawa huzipenda risasi zao kama watoto. Mwambie, "Mzee, tuzipitishe kwenye bunduki kabla hatujatoka." Mkiwa mahali salama, mtutu umeelekea kwenye tuta la udongo, risasi moja moja ipite kutoka magazini hadi chemba na itoke. Iingie bila kusukumizwa. Bolti ikikaza mwishoni, itoe uangalie kichwa: mikwaruzo midogo ya miraba kuzunguka ojivi inaonyesha kinagusa matuta. Mwulize aliijaza kwa nafasi gani. Kama anajibu kwa fahari kwamba "inagusa", na ana boksi la kiwanda, mshawishi atumie la kiwanda kwa nyati.

Joto nalo lina neno lake. Risasi iliyojaribiwa kwenye baridi ya kwao, ikaachwa juu ya dashibodi Oktoba, presha yake haitakuwa ileile. Baruti ya moto huungua kwa nguvu zaidi. Ikiwa tayari ilikuwa ukingoni, hapo itavuka.

Natumia za dukani tu. Kuna haja ya kupima?

Ipo, na ndilo swali ambalo watu wengi zaidi wangepaswa kuuliza.

Fikiria mwongozaji anayeingiza risasi ileile chemba kila alfajiri na kuitoa kila anapopanda gari. Kila inapoingia, kichwa kinagonga njia ya kupandia. Baada ya wiki kadhaa kinaweza kuwa kimerudi ndani ya shingo. Au zile zilizobaki magazini wakati .375 au .458 inapiga: bunduki inaruka nyuma, risasi zinabaki nyuma ya mwendo huo na kugonga ukuta wa mbele wa magazini. Tena na tena.

Chukua risasi mpya kutoka boksi hilohilo, yenye namba ileile ya kundi la kiwanda, ipime kwenye ojivi. Kisha pima ya zamani. Kama ncha tu imebonyea na ojivi inasoma sawa, ni sura tu, itapiga vizuri. Kama ojivi imepungua kwa robo milimita au zaidi, mimi naiweka pembeni. Hapo ni uamuzi wangu, si kanuni ya kitabu. Kwa raifo kubwa pengine ingepiga bila tatizo, lakini kichwa kilichosogea mara moja hakishikwi tena kama mwanzo. Ikiwa imerefuka, yaani kichwa kimetoka nje, usiipige kabisa. Usijaribu kukirudisha kwa koleo wala kwa kugonga mezani.

Kinga yake ni kubadilisha zamu: ya juu leo ikae chini kesho.

Ule mfereji mdogo kwenye kichwa ni wa nini?

Ni wa kukunjia mdomo wa ganda ili kichwa kisisogee. Kwa risasi za mtikisiko mkubwa una kazi kweli. Mdomo wa ganda unatakiwa uishie katikati ya mfereji. Ukiona umekunjwa juu au chini yake, kichwa kimekalishwa vibaya au ganda halikukatwa sawa. Kwa anayejaza, mfereji ndio unaoamua urefu, matuta yanakuja baadaye.

Ganda nalo linapimwa?

Linapimwa kwanza. Kila linapopigwa na kurudishwa umbo, shaba husogea kuelekea shingoni na ganda hurefuka. Kikomo ni milimita 63.35 kwa .30-06, 72.39 kwa .375 H&H na 63.50 kwa .458. Likizidi, mdomo wake unaweza kubanwa mwisho wa chemba, ushike kichwa kisitoke kwa urahisi, na presha ipande.

Dai (kifaa cha kwenye presi kinachokalisha kichwa) imefungwa palepale, mbona urefu unapishana?

Kama unapima nchani, jibu ulishapewa. Kama ni kwenye ojivi na tofauti inazidi milimita 0.05, angalia kama kisukumio cha dai kinagusa ncha badala ya kukumbatia mkunjo wa kichwa, kama shingo za maganda zinabana kwa nguvu tofauti, au kama baruti iliyojaa sana inakirudisha kichwa juu baada ya mkono kuachia presi.

Baridi ya Njombe inaharibu kipimo?

Shaba na chuma vyote husinyaa kwa baridi, na kwa tofauti ya digrii ishirini vernia na risasi ya .30-06 vinapishana kwa takriban milimita 0.01. Sahau. Kinachosumbua ni betri iliyochoka ya vernia ya dijiti: namba zinaanza kurukaruka. Mwinuko wa Mbeya, wa mita 1,700 hivi, hubadilisha njia ya kichwa hewani kwa sababu hewa ni nyepesi. Urefu haugusi.

Na gobore?

Gobore hushindiliwa mdomoni na haina ganda. Hakuna cha kupima hapa.

Nipime mara ngapi kwenye bunduki ileile?

Mtutu unalika kuanzia pale matuta yanapoanza, kwa hiyo kadiri unavyopiga, matuta yanarudi mbele na nafasi inakua. Kwa mwindaji wa kawaida, mara moja kabla ya msimu kufunguliwa Julai inatosha. Andika tarehe, aina ya kichwa na namba ya ojivi kwenye kipande cha tepu, ukibandike ndani ya kifuniko cha boksi. Mwaka unaofuata ukikuta matuta yamesogea kidogo, usikimbilie kuyafuata kwa kurefusha risasi. Angalia kwanza kama karatasi inalalamika.